Hotuba za Jirani Yetu wa Utah na Harusi ya Mdogo Wetu

Leo hatuna singo wala hatuna mapishi. Tunajua maharusi wa Mfungo Mosi mnasubiri ile sehemu ya pili ya udi na vikuba, na itakuja inshaAllah, lakini leo tupeni nafasi tukuhadithieni jambo ambalo tumelikalia karibu miaka miwili. Lilitutengeneza sisi wawili na likaibadilisha harusi ya mdogo wetu. Na halikutoka kwa ustadhati wetu, wala kwenye darsa, wala kwenye mawaidha ya Ramadhani. Lilitoka kwenye hotuba za viongozi wa kanisa la Mormoni.

Haya, mshapumua? Tuendelee.

Wengi wenu mnajua kuwa tulikaa Marekani miaka minne. Mmoja wetu alifuatana na mumewe aliyekwenda kusoma Salt Lake City, katika jimbo la Utah. Mwengine akamfuata pale mtoto wa pili alipokaribia kuzaliwa, maana kule hakuna wa kukukanda kwa maji ya moto wala wa kukupikia uji wa pilipili manga. Mji ule ndio kitovu cha kanisa hilo. Wenyewe hawapendi tena kuitwa Wamormoni, jina lao kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York, wafuasi wake wakafukuzwa huku na kule mpaka mwaka 1847 walipofika kwenye lile bonde lililozungukwa na milima, wakasema hapa ndipo. Ukiamka asubuhi unaiona milima ina theluji kama mtu kamwaga unga wa ngano.

Jirani yetu wa ukutani alikuwa mjane wa zaidi ya miaka sabini. Tulimwita Bibi Jirani, na yeye akalipenda jina, akawa anajitambulisha nalo kwa Kiswahili kibovu. Siku ya kwanza tumempikia chai ya maziwa, hiliki na tangawizi, ile chai ya heshima, akaitazama kikombeni kwa huzuni kabisa. Kumbe kwao chai hairuhusiwi, wala kahawa, wala pombe. Pombe tulimuelewa. Lakini umwambie Mzanzibari kwamba chai nayo haramu! Tukamchemshia maziwa na hiliki tupu, akanywa vikombe viwili, na tangu hapo ikawa ndiyo chai yake.

Mara moja kwa mwezi alifunga. Huacha kula nyakati mbili, na thamani ya chakula kile huitoa kwa maskini. Tulipomwambia kuwa sisi tunafunga mwezi mzima, alitikisa kichwa tu kwa heshima. Katika miaka yote minne ni Mmarekani pekee ambaye hakutuuliza, "Hata maji?" Maana na wao wakifunga hawanywi.

Sasa, mara mbili kwa mwaka, mwisho wa wiki wa kwanza wa Aprili na wa Oktoba, kanisa lao lina Mkutano Mkuu. Viongozi wao wanaume na wanawake huhutubia siku mbili, na dunia nzima husikiliza. Hukutana kwenye ukumbi wenye viti 21,000 uliofunguliwa mwaka 2000. Bibi Jirani alituonesha mimbari yake kwenye televisheni akatwambia imechongwa kwa mti wa jozi uliopandwa na rais wa kanisa wa wakati ule, Gordon Hinckley, uani kwake, na mti ule ulipokufa hakutaka utupwe. Mambo kama haya sisi hutushika.

Kikao cha asubuhi huanza saa nne, cha mchana saa nane, na katikati yake ndipo inapoingia adhuhuri ya kule. Tulikuwa tunakwenda kumsaidia kupika siku hizo, kwa sababu wanawe wako mbali na magoti yalikuwa yanamsumbua. Ukifika wakati alitufungulia chumba cha binti yake, tukatandika miswala, naye anazima televisheni hata kama ilikuwa muziki tu, mpaka atusikie tumetoa salamu.

Hatutakufichieni, tuliogopa. Kiongozi wao mkuu wanamwita nabii, na chini yake wana mitume kumi na wawili. Kwetu sisi mlango huo ulifungwa na Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na hilo halina mjadala. Tukampigia simu ustadhati wetu nyumbani, mtu mzima wa kuogopewa, tukimtarajia atukemee. Akanyamaza, kisha akasema, "Itikadi yenu mnaijua. Mkisikia neno la kweli kwa jirani, msiliite uongo kwa sababu kalisema jirani. Na mkiona nyoyo zinayumba, inukeni mwende kwenu." Nyoyo hazikuyumba. Zilizoyumba ni shingo, kwa usingizi, maana wale watu wanahutubia taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Hotuba nyingi zilitupita hivyo hivyo.

Ya kwanza kutuamsha ilikuwa ya Patrick Kearon, Mwingereza, ambayo Bibi Jirani alituwekea siku moja kwa sababu inahusu Uarabuni. Ni ya Oktoba 2010. Alipokuwa na miaka saba aliishi Bara Arabu, na wazazi wake kutwa wakimwambia avae viatu vya kufunika mguu. Siku wamepiga kambi jangwani, kuvaa viatu akaona tabu, akachopeka kandambili akaenda zake kutembea mchangani. Ng'e akamuuma wayo. Tulicheka mpaka machozi, kwa sababu mama yetu ametutia bakora kwa kosa hilo hilo, ila sisi ilikuwa miba ya mchongoma.

Lakini lililotufikisha hapa ni jengine.

Mdogo wetu, kitinda mimba, alikuwa amechumbiwa. Alhamdulillah, kijana mzuri, watu wao wazuri. Harusi ikapangwa Mfungo Mosi. Kundi la simu likaanza kuwaka moto usiku na mchana: ukumbi, shela ya kuagizwa Uturuki, shela ya pili ya kubadilisha, mpiga picha, jukwaa la maua, mfuko wa zawadi kwa kila mgeni. Sisi tulikuwa mbali, kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kutuma pesa na kusema "mashaAllah". Na kila Ijumaa tulimpigia mama kwa picha. Tunamuuliza, "Mama, unataka nini tukutumie?" Anajibu, "Mimi mzima wanangu, sitaki kitu. Mtumieni bi harusi." Tukikata simu roho zetu nyeupe. Tumemuuliza mama, mama kasema hataki kitu.

Jioni moja ya Februari, theluji imetufungia, Bibi Jirani akatoa faili lake la hotuba anazozipenda, karatasi zimekwisha kwa kushikwa. Akasema, "Huyu ni mtu wa kisiwani kama nyinyi." Akatusomea.

Jina lake Chieko Okazaki. Alizaliwa Hawaii mwaka 1926, kwenye familia ya Kijapani ya vibarua wa shamba. Wazazi wake walikuwa Mabudha, yeye akaingia kanisa lile akiwa na miaka 15. Akawa mwalimu, baadaye mwalimu mkuu wa skuli, na kuanzia 1990 hadi 1997 alikuwa mmoja wa viongozi watatu wa juu wa wanawake wa kanisa lao duniani, katika zama ambazo mwanamke wa asili ya Asia pale mbele haikuwa kawaida kabisa. Alifariki mwaka 2011. Hotuba ile aliitoa Aprili 1992, na ndani yake kuna neno la Kijapani alilofundishwa na mama yake: kigatsuku.

Alieleza hivi. Mama yake akiwa anafagia, alikuwa hamwambii mtoto afanye nini. Alikuwa anamuuliza tu kwa upole: sasa hapa Chieko angejiongeza nini? Na mtoto hukimbilia kizoleo, akakishika mama azoe taka. Akiosha vyombo, swali ni hilo hilo, na mtoto huchukua kitambaa akaanza kufuta. Kwa hiyo kigatsuku ni roho ndani yako inayoona lililo la lazima na kulifanya kabla hujaambiwa. Sisi tumelifasiri kuwa ni kujiongeza, na msilicheke neno hilo kwa kuwa la vijana wa mitaani, halina badali.

Katika hotuba ile ile alikitaja kisa cha Nabii Isa (a.s.) kumponya kipofu, kama kilivyo katika Injili yao, kwa mate na udongo. Sisi tunaamini kuwa Nabii Isa aliponya vipofu kwa idhini ya Allah. Bibi yule alichokitoa pale ni kwamba mate na udongo ni vitu vilivyokuwepo chini ya miguu yake, hakungoja kuletewa dawa ya mbali. Nawe fanya kheri kwa kile ulichonacho mkononi.

Bibi Jirani alimaliza kusoma, akakunja karatasi, akaondoka kwenda kulala. Hakutuhubiria kitu. Sisi tukabaki pale sebuleni kwake hakuna anayesema. Kisha mmoja wetu akauliza, "Mara ya mwisho kumuona mama kasimama ni lini?"

Tulifikiri. Zamani mama ukimpigia anatembea na simu, mara jikoni, mara uani akuoneshe mchaichai wake, huoni uso unaona dari. Miezi ile yote alikuwa amekaa. Simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, kanga imefunika miguu. Kila Ijumaa, pale pale. Tulimtazama na hatukumuona.

Hatukumuuliza, maana jibu tunalijua. Tulimpigia binti wa shangazi yetu, tukamwomba aende bila ya hodi ndefu, aombe maji ya kunywa na ayafuate mwenyewe jikoni. Alitupigia akiwa njiani kurudi, analia. Miguu ya mama ilikuwa imevimba mpaka kandambili haziingii. Vidonge vyake vya presha alikuwa anameza leo, kesho anaacha, ili paketi moja ifike miezi miwili, pesa nyengine iingie kwenye harusi. Na usiku alikuwa hakai kitandani, anatarizi foronya na shuka za bi harusi kwa mkono mpaka adhana ya alfajiri, kwa sababu fundi kataka bei kubwa.

Tunakuandikieni haya na bado mikono inatutetemeka.

Mmoja wetu aliondoka wiki ile ile. Nauli ilitoka kwenye pesa ya ukumbi. Hapo ndipo vita vilipoanza, na hatutavipamba. Bi harusi wetu aliangua kilio kuwa tumemuharibia siku yake, kuwa sisi wakubwa harusi zetu zilikuwa na ukumbi na yeye ndiye wa mwisho basi ndiye wa kupunguziwa. Alikuwa na haki kidogo. Harusi zetu zilikuwa na ukumbi kweli.

Kulikuwa na hotuba nyengine ambayo Bibi Jirani alitutilia kwenye begi, ya mwaka 2011, waliyohutubiwa wanawake peke yao. Aliyeitoa ni Dieter Uchtdorf, Mjerumani aliyekuwa rubani wa ndege, ambaye utotoni alikuwa mkimbizi mara mbili na wazazi wake. Alizungumzia kujitolea kwenye maana na kujitolea kusikokuwa na maana. Kukosa usingizi kidogo kwa sababu mtoto ameota ndoto mbaya, hiyo ni sadaka njema. Kukesha usiku kucha ukaharibu afya yako kwa ajili ya kipambo kimoja cha nguo ya binti yako, hapo jiulize. Tuliposoma mahala hapo tulitazamana. Mtu yule hajamjua mama yetu wala hajawahi kuiona foronya ya Kizanzibari.

Kisha akaingia kwenye hadithi ya watoto ya chokoleti zilizofichwa tiketi ya dhahabu. Watu wananunua chokoleti kwa kutaka tiketi, na wakiikosa, hata ile chokoleti yenyewe haina tamu tena. Alisema wako wanaoishi hivyo, tiketi yao ni ndoa ya kwenye hadithi au nyumba ya kwenye jarida, na siku zao nzuri zote zinawapita mikononi.

Tulimsomea mdogo wetu usiku, tukamfasiria neno kwa neno, tukidhani sasa ataelewa. Akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyinyi mmekwenda Marekani mmenirudia na mapadri." Akajifunika shuka.

Hotuba haikumfanya kitu, tuseme kweli. Kilichomgeuza ni asubuhi ya kituo cha afya. Nesi alimfunga mama kipimo mkononi, akaitazama namba, akapima tena mkono wa pili, kisha akamgeukia mdogo wetu, sio sisi, akamuuliza, "Wewe ndiye unayeishi naye?" Akasema ndiyo. Nesi hakusema chengine. Mdogo wetu alikuwa anakula sahani moja na mama kila siku, na foronya zile zikitariziwa chumba cha pili, na mama alimficha yeye kuliko alivyotuficha sisi wa mbali. Njia nzima ya kurudi hakufungua mdomo. Alipofika alifungua sanduku, akazitoa foronya zote zilizobaki, akazirudisha dukani.

Ndoa ilifungwa msikiti wa mtaani. Pilau limepikwa uani na majirani, shela ameazimwa kwa binti wa shangazi yule yule, imeachiwa kiunoni kidogo. Mama alikaa kwenye kiti siku nzima, miguu juu ya mto, anapokea pongezi kama malkia, na kila akitaka kuinuka kuna mtu keshafika. Picha nzuri tunazo mbili tatu tu. Na mdogo wetu mpaka leo, akiona harusi ya mwenzake ukumbini, hunyamaza ghafla. Tunamwacha anyamaze. Lilikuwa jambo lake na lilimuuma, hatuwezi kumwambia halikuwa kitu.

Kwa nyinyi maharusi watarajiwa, somo zenu watakufundisheni mengi ya ndani ya chumba na mtayahitaji. Ila shoga, kabla hujamtumia mama yako picha ya shela nyengine, nenda kamtazame miguu. Usimuulize. Mama zetu hawa ukiwauliza watasema wazima, wakiwa wagonjwa watasema wazima. Fungua kabati la dawa ulihesabu. Simama jikoni uone nani anabeba ndoo. Hata mate na udongo vipo kila nyumba.

Tulipomhadithia mama neno tumelipata wapi, tulitetemeka kuliko tulivyomwogopa ustadhati. Mama alituuliza jambo moja.

"Huyo mama wa Hawaii, Muislamu?"

"Hapana, mama."

"Na mama yake aliyemfundisha?"

"Mbudha."

Akafikiri, anameza kidonge chake na maji. "Basi alimlea vizuri," akasema.

Bibi Jirani tunaandikiana naye bado. Yule wetu aliyebaki nyuma alipokwenda kumuaga, alipewa chupa ya matunda ya pichi aliyoyahifadhi mwenyewe, maana wanawake wa Utah huhifadhi matunda ya kiangazi kwenye chupa kwa ajili ya baridi. Okazaki aliwahi kuwahutubia kuhusu hilo, mwaka 1996: Utah wana chupa, Hawaii wana kikapu kwa sababu kule matunda hayana msimu wa kukatika, na ndani ya vyote viwili kilichomo ni tunda. Chupa ile ilifika Unguja imefungwa kanga mbili, haikuvunjika. Sisi tukampelekea Bibi kikapu cha ukili kimejaa hiliki na mdalasini.

Mama chupa ameiweka kwenye kabati la vyombo, mbele ya vikombe vya wageni. Haifungui. Anasema tunda la tangu mwaka juzi lisilooza halimwingii akilini. Lakini mgeni akija lazima aoneshwe, na akitaka kuonja huambiwa asubiri embe ziishe kwanza. Embe ziliisha, yakaja machungwa.